Kidole cha Kiguu na Njia

Jamani, kuna watu na viatu! Huyu fundi cherehani waliyempachika jina Kiguu na Njia hakuwahi kumaliza suruali bila kuinuka mara saba: kuchungulia mtaani, kuulizia matokeo ya mpira, kusalimia hata asiowajua. Binti yake alipobakiza siku tatu aolewe, na gauni bado vipande vipande, fundi akakimbilia kwa wanaonakili watu.

"Atatoka na kumbukumbu zako zote," mtaalamu alimwambia. "Ila makovu hayanakiliki. Ngozi yake ni mpya."

Basi leo tangu asubuhi wanaume wawili wa sura moja wanagombana mbele ya cherehani moja.

"Kaa ushone! Ndicho kilichokuleta duniani."

"Mimi? Nakala ni wewe, bwana!"

Fundi wetu akacheka kwa hasira. Mtu mzima asijijue mwenyewe? Mwenzake, kwa kuwa naye ni yule yule, hakuweza kutulia. Akatoka, eti dakika moja tu. Fundi wetu naye miguu ilimwasha amfuate, lakini binti akaingia.

"Nitashikwa mkono na nani kesho kutwa? Baba yangu ni yupi?"

"Mimi, mwanangu! Ushahidi huu hapa."

Akavua kastabani, kile kikofia cha bati kisichomtoka kidoleni, amwonyeshe kovu la sindano. Alijichoma siku binti alipozaliwa: aliitwa hospitali, akageuka mguu ungali kwenye pedali.

Kidole kilikuwa laini, hakina hata alama. Binti naye alikiona.

Lo, alivyoumia! Siku ile aliikumbuka yote, kile kilio, lile shuka la kijani, ule mkono mdogo uliomng'ang'ania. Sasa aambiwe si yake? Akavuta kiti, akashona. Kwa mara ya kwanza hakuinuka, ila macho yalikuwa mlangoni, maana mwenyewe akirudi, basi tena. Na haraka haraka haina baraka: sindano ikazama kidoleni, pale pale.

"Mama yangu wee!"

Binti akachana kipande cha kitambaa cheupe, akamfunga kidole taratibu.

Mlangoni, mwenye kovu la zamani alikuwa amerudi, anahema.

"Nani kaumia?"

"Baba," binti alijibu bila kugeuka. "Kajichoma tena."