Ukurasa wa Kwanza wa Goma

Juzi, katika chumba cha intaneti kwenye barabara ya kwenda Munigi, muzee mmoja aliyevaa koti la suti na ndala alikuwa akigombana na kompyuta. Alitaka ikifunguka tu imwonyeshe habari za volkano, maana lava ya mwisho ilimkuta amelala. Lakini kila akibadilisha ukurasa wa kwanza, akifunga na kufungua tena, zinarudi picha za gauni za bibi harusi.

“Papa, bibi yangu njo anauzisha hizo,” akaeleza mwenye chumba. “Nilifunga reglage, mipangilio yote ya mashine. Haiwezi kubadilika.”

“Sasa mulima ukikasirika nitajua namna gani? Nikimbie nimevaa gauni?”

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu pamoja nami akaelekeza midomo mlangoni. Tukageuka wote. Mlima Nyiragongo ulikuwa pale pale, unafuka moshi.

Muzee akavua miwani, akautazama, kisha akamuuliza mwenye chumba kwa upole: “Na huu, reglage yake iko wapi?”

Mimi pia kila asubuhi nafungua mlango niutazame mlima huo kabla ya kupiga mswaki. Waasi wameingia mji huu wakabadilisha kila kitu, hadi vibao vya ofisi. Reglage ya mlima hakuna aliyethubutu kuigusa.