Hatua Tatu Kutoka kwa Mama Mkwe

Niseme mwanzoni kabisa ili mwenye kuona haya aondoke mapema: mimi niliwahi kumkalia mama mkwe wangu. Sisemi kwa mafumbo, nasema kukaa, makalio yangu haya kwenye mapaja yake, mchana kweupe, watu wote wa ukoo wakitazama. Wakwe zangu wamelisimulia jambo hili kila Krismasi kwa miaka zaidi ya ishirini na kila mwaka linaongezwa chumvi, kwa hiyo leo nisimulie mwenyewe kabla halijafika mahali nitaambiwa nilipakatwa nikanyonyeshwa.

Enzi hizo nilikuwa mpiga picha Tunduma. Songwe ilikuwa haijawa mkoa bado, sote tulikuwa Mbeya, na kamera zilikuwa za filamu, picha thelathini na sita basi, ukimaliza unapeleka Mbeya mjini kusafisha na mteja anasubiri wiki nzima na akikuona njiani anakusalimia kwa heshima (siku hizi ukichelewa kumrushia mtu picha dakika mbili anauliza kama umefariki). Kamera yangu niliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa mtu aliyeniapia kwamba ilikuwa ya padri, maana zamani kila kitu cha mtumba kilikuwa cha padri. Niliipenda ile kamera jamani. Nilikuwa natembea nayo shingoni hata siku ambazo haina filamu, na wasichana hawakujua. Lakini Tunduma mnaijua, malori yamepanga foleni mpakani kutwa, vumbi mpaka kwenye meno, na hilo vumbi likaingia kwenye lenzi. Ile pete unayoizungusha ili sura itoke safi ikaanza kucheza, unaiweka hapa yenyewe inateleza kule, na picha zinatoka ukungu mtupu.

Na ndiyo kwanza nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Tumaini, kwao Ihanda, na posa ilishapokelewa, maana yake mama yake alishakuwa mkwe wangu kamili, na kwetu huku mkwe wa namna hiyo hakuna kuleta mazoea. Humwangalii usoni, humpi mkono, mkikutana njiani ni wewe unayeingia kwenye majani ukageukia huko mpaka apite. Mpaka siku ninayoisimulia nilikuwa nimeona visigino vyake na pindo la kitenge tu, ungemweka sokoni na mama wengine watano nisingejua ni yupi.

Sasa mama mkwe alikuwa na dada yake aliyeolewa Isoka, Zambia. Si mbali hata kidogo, lakini maisha ndiyo hayo, watoto, mashamba, misiba, wakajikuta hawajaonana miaka kumi na moja. Alhamisi moja Tumaini akaja Tunduma kununua vitu akanipitia, akaniambia mama mkubwa anakuja, atakuwepo Jumapili na Jumatatu anaondoka, na tangu wazaliwe hao ndugu wawili hawajawahi kupiga picha pamoja hata moja. Wazee wa kwao walishakaa wakajadili kama mkwe anaweza kumpiga picha mkwewe, wakaamua kamera haina ubaya mradi mimi nisimame mbali, kule kwenye mikahawa, ile mibuni ya mbele ya nyumba, hatua kumi zisipungue. Halafu akaniuliza vipi ile lenzi, imepona? Kama haijapona niseme tu, amwombe mpiga picha wa Vwawa.

Hebu fikirieni. Kijana ana posa changa, halafu aje mwanamume mwingine na kamera yake nyumbani kwa wakwe zangu, apewe kuku, asifiwe. Nikamjibu, "Imepona kabisa." Na lenzi ilikuwa mfukoni mwangu, imefungwa kwenye leso, mbovu vilevile.

Fundi wa lenzi anayeeleweka alikuwa Mbeya, naye akiishika hairudi kabla ya wiki mbili. Basi Tumaini alipoondoka tu nikaipeleka kwa fundi wa redio na saa pale karibu na soko, mzee mmoja mkali, ukimuuliza swali anaacha kazi anakutazama mpaka unajutia. Akaifungua kwa bisibisi ya saa, akaipuliza kwa mdomo (mate niliyaona), akaniambia nirudi Jumamosi. Jumamosi narudi, lenzi inang'aa, nashika pete nizungushe, haizunguki. Natia nguvu, haizunguki. Nikamwambia mzee wangu, mbona hii imekwama?

"Si ulisema inacheza?" akasema. "Sasa haichezi."

Alikuwa ameitia gundi. Ile ile anayogandishia vifuniko vya redio. Akanieleza bila wasiwasi kwamba ameigandisha kwenye hatua tatu, kwa hiyo mtu akisimama hatua tatu kutoka kwangu atatoka safi, wengine niwasogeze tu, kwani wana mizizi? Nikacheka kwa heshima nikaondoka. Nilipofika njiani ndiyo nikakumbuka hatua kumi za wazee.

Ningeweza kusema. Jumapili asubuhi nilipofika Ihanda Tumaini ndiye aliyenipokea, tukatembea wawili mpaka nyumbani, mikahawa imechanua maua meupe njia nzima na ile harufu yake tamu, na nilikuwa na nafasi ya kumwambia mara hamsini. Yeye anaongea kwa furaha jinsi mama yake na mama mkubwa walivyolala kitanda kimoja wakicheka usiku kucha, mimi naitikia ndiyo, ndiyo. 

Baada ya kutoka kanisani na kula, viti viwili vikawekwa mbele ya mlango juu ya mkeka, watu wakajipanga pembeni kuangalia, kwaya nzima, jirani zao, na baba mdogo wa Tumaini, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kila kitu pamoja na heshima yangu. Nikasimama kwenye mikahawa kama nilivyoagizwa, nikaweka jicho. Naona mafurushi mawili ya kitenge, moja la bluu moja la njano, hayana macho wala pua. Nikaanza maigizo. Nikasema jua limekaa vibaya, tusubiri. Nikafuta lenzi. Nikaomba wanyooshe mgongo. Nikafungua filamu nyingine isiyohitajika. Watu wakaanza kupiga miayo, na mama mkubwa akaniuliza kwa sauti, Kibemba nusu Kiswahili nusu, kama napiga picha au nachimba kaburi.

Hapo ndipo akili ikanijia, na naomba msicheke, wakati ule niliiona nzuri sana. Nikajisemea, nitaenda kinyumenyume. Nikiwapa mgongo simwangalii mkwe, sivunji kitu. Nitahesabu hatua saba, zitabaki tatu, nitageuka jicho likiwa tayari kwenye kamera, na jicho likiwa kwenye kamera hilo si jicho langu tena, ni la kamera. Nabonyeza, narudi mbio kwenye mikahawa, kwisha.

Nikageuka, nikaanza. Moja, mbili. Nasikia minong'ono, huyu anakwenda wapi? Tatu, nne. Baba mdogo akakohoa kile kikohozi cha onyo. Mimi naongeza mwendo, maana nilitaka yaishe, na kumbe kwa woga nilikuwa natupa hatua ndefu kama ngiri. Ya sita kisigino kikaingia chini ya ukingo wa mkeka.

Ningeanguka chini ningemshukuru Mungu. Sikuanguka, nilikaa. Nilikaa vizuri kabisa mapajani mwa mama mkwe wangu, kamera mkononi, nikiwatazama wakwe zangu wote mbele yangu walivyoachama. Kisha nikasikia kitenge kikivutwa nyuma yangu, mama wa watu anajifunika kichwa kizima. Na dada mtu, pale kwenye kiti cha pili, akapasuka kwa kicheko, anajipiga mapaja, anasema "awe mukwai, awe," yaani hapana jamani, hapana, machozi yanamtoka. Nikainuka nikakimbia. Nilipita katikati ya mikahawa, kiatu kimoja kikabaki huko, na sikusimama mpaka barabara kubwa.

Kwa siku tisa sikupata salamu yoyote kutoka Ihanda. Baba mdogo alikuwa anataka posa irudishwe, anasema kijana hana adabu na tena hana akili. Nilimpenda sana Tumaini, niseme tu wazi, na zile siku niliamini nimempoteza. Mwisho mshenga wangu akaenda na kuku na kitenge kipya cha kuomba radhi, akakaa huko mpaka jioni, akarudi anajizuia kucheka. Alisema wanaume walikuwa bado wanabishana pale mama mkwe alipoongea kutoka ndani, nyuma ya mlango.

"Mwambieni kijana aje anipige picha. Aibu yote ameshaikalia, imebaki ipi?"

Nikapeleka lenzi Mbeya, ikakaa wiki mbili zile zile nilizozikwepa, ikarudi nzima. Wakwe nikawaambia ilivunjika nilipoanguka (uongo wa pili, huo nao ulitoka laini). Nikaenda Ihanda, na safari hii mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesema nisogee, hatua tatu, ndiyo mara ya kwanza nikaiona sura yake, safi kwenye kioo, mdomo ule ule wa Tumaini. Lakini alikuwa peke yake. Dada yake alishaondoka zamani kurudi Isoka. Nilipobonyeza, mama akasema taratibu, hakuniangalia, "Dada ndiye aliyekuwa anaitaka, mwanangu. Alisema akiwa kule sura yangu inampotea."

Nikamwahidi nitamfuata Isoka nimpige na yeye, na siku moja tuwaweke pamoja. Picha ya mama tukaituma. Mimi kwenda, nikasema baada ya harusi, kisha baada ya mavuno, kisha mtoto wetu Upendo akazaliwa, na mwaka wa pili wa ndoa yetu mama mkubwa akaugua akafariki, akazikwa huko huko.

Miaka ikapita, nikawa mkwe mzuri hata kama ni mimi nasema, mama mkwe mwenyewe alikuwa wa kwanza kusimulia mkasa wangu na kuucheka. Alipofariki, watoto wa dada yake walikuja kutoka Isoka, watu wazima sasa, wakaja na ile picha yake ya peke yake, imepauka kwa kushikwashikwa. Mmoja wao akauliza kama ipo yoyote ya mama zao wawili pamoja, waiweke mbele ya jeneza. Watu wote pale wakanigeukia mimi, mpiga picha wa familia. Wengine wakaanza kutabasamu wakikumbuka.

Tumaini hakutabasamu. Aliniuliza kwa upole tu, maana jambo hilo lilikuwa halijawahi kumjia: "Baba Upendo, ulikaa kule kwenye mikahawa muda mrefu vile kabla hujaanguka. Hukubonyeza hata moja?"

Nikamwambia. Pale pale, mbele ya wale vijana wa Isoka, nikasema lenzi haikuwa imepona, ilikuwa na gundi, na nilijua tangu Jumamosi, na siku ile njiani nilikuwa najua. Nilidhani atakasirika. Akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya kitenge chake cha msiba.

"Mpiga picha wa Vwawa alikuwepo kanisani siku ile," akasema. "Nilimwambia asihangaike, wewe upo."

Mpaka leo nikishika kamera, mtu akiniuliza kama inafanya kazi, namjaribishia kwanza mbele ya macho yake, na kama ni mbovu nasema ni mbovu, hata kama kazi ataipata mwingine.