Mbegu ya Tangawizi na Sare ya Sendofu

Kwetu milimani, juu ya Same, tangawizi ikishauzwa tunabakiza fungu moja la mbegu. Mama hulilaza kwenye kona ya jiko na kulifunika kwa majani makavu ya migomba, na hakuna anayeruhusiwa kuchomoa hata kipande cha chai. Fungu hilo ndilo shamba la msimu unaofuata.

Mwaka jana lilitoka. Halikuibwa. Baba aliliuza ili tupendeze.

Shangazi alikuja asubuhi na kipande cha kitambaa kwenye mkoba. Sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ilikuwa imekaribia, na kamati ilikuwa imechagua sare ya ukoo, rangi ya damu ya mzee. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Kaka, nataka familia nzima," alisema. "Kuna picha."

"Wifi, mvua iko karibu," mama akasema. "Humu ndani kuna mbegu tu."

"Basi vaa hayo majani ya migomba. Tutakusimamisha mlangoni, wageni wajue pa kuingilia."

Baba akacheka. Kicheko kile nakidharau mpaka leo. Mtu huyu alikuwa amekataa kununua jembe misimu miwili, eti la zamani bado linakata. Lakini alipotajiwa picha, alikwenda mwenyewe kumwita mnunuzi, akambebea na gunia mpaka kwenye pikipiki. Mimi niliona, nikanyamaza, kama ninavyonyamaza siku zote. Hilo nalo silisifu.

Ukumbini tuliwekwa meza ya nyuma kabisa, karibu na masufuria. Mbele, ndugu zetu walicheza huku wameinua vitenge na mablanketi ya zawadi juu ya vichwa, wasije wakapita bila kuonekana. Kila kamera ilipowaka, baba alinyoosha shingo. Mpiga picha hakufika kwetu.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha, ya taratibu, nzuri. Majirani wakapanda. Baba alikwenda kwa shangazi kuomba mbegu, akarudi na mikono mitupu.

"Anasema sherehe imemmaliza," alisema, akakaa.

Mama alivaa gauni lile la sare, maana ndilo lililokuwa na kitambaa kigumu, akachukua jembe la zamani, tukaenda kulima kibarua kwa jirani. Jirani alimtazama toka juu mpaka chini.

"Mama, leo kuna sherehe?"

"Yetu ilishapita," mama alisema, akainama. "Hii ni ya kwako."