Pazi Mchinjaji na Nyongo ya Mkewe

Miaka michache baada ya vita vya Hitla, kijiji kizima cha Vihingo kikiwa na shughuli kilimwita Pazi Mfaume kuja kuchinja. Alikuwa mtu mpole. Kikali kilikuwa kisu chake tu. Marehemu baba yake alimfundisha kuwa mchinjaji hupimwa kwenye ini: nyongo ikipasuka, nyama imekwenda. Basi Pazi hakuibandua nyongo peke yake hata siku moja. Aliikata pamoja na kipande cha ini kilichoshikana nayo, akavitupa vyote.

Mkewe, Mwanaamina, mama mnene mcheshi, akaanza kushikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa akila wali wa nazi. Wanawake wakasema ni chango, wakampa samli anywe kabla ya kula kitu. Alipoinywa alijiviringisha chini, kauma kanga. Baadaye macho yakawa manjano, na mkojo ukawa kama chai ya rangi.

Kaka yake, Kondo, akaja kutoka Visiga. Wakampakia kwenye lori la mkaa mpaka hospitali, Dar es Salaam. Daktari alikuwa Mzungu. Aliyewafafanulia ni dresa, yaani msaidizi wake, kijana aitwaye Alfonce.

"Shikamoo, mzee. Mama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na jiwe moja limeziba njia. Daktari atautoa mfuko na mawe yake."

"Marahaba. Na ini?"

"Ini linabaki. Ini ndilo linalotengeneza nyongo. Mfuko ni ghala tu, na mtu anaishi bila ghala. Lakini njia ikiziba, nyongo inarudi na kuliharibu ini. Msikawie."

Pazi akatikisa kichwa. "Mwanangu, matumbo nimeyafungua kabla hujazaliwa. Nyongo haitoki bila kipande cha ini. Mke wangu hamumkati ini."

"Shemeji, huyu si mbuzi wako wa hitima," Kondo akasema.

"Mbuzi ana ini, na mtu ana ini."

Mwanaamina akainua kichwa kitandani. "Baba Zena, waache wanikate. Anayeumwa ni mimi."

Lakini zama zile mke hakupasuliwa mume akikataa. Pazi akamrudisha Vihingo. Hakufanya kwa ukatili, maskini. Alifanya kwa mapenzi, na ubaya wake ulikuwa hapo.

Masika yote Mwanaamina alijikuna mpaka damu, kwani ile manjano inawasha. Homa ikawa inamtetemesha yeye na kitanda kizima. Tumbo lilipoanza kuvimba, Pazi mwenyewe akatafuta lori.

Daktari akautoa mfuko, akaizibua na njia. Alfonce akamvuta Pazi kando.

"Mfuko umetoka salama, mzee. Ini hatukuligusa hata kidogo. Ila tumelikuta limeshakuwa gumu. Hilo hatuna dawa yake."

Mwanaamina akarudi nyumbani na kovu zuri, lililofunga vizuri, na tumbo linalojaa maji. Siku moja akamuuliza mumewe, "Kumbe walikuwa wanajua kuutoa mfuko bila kulikata ini?"

"Walikuwa wanajua, Mama Zena."

Akageukia ukutani. Hakumlaumu, wala hakumtania tena.

Alikufa mpunga haujavunwa. Makaburini Kondo alimpa Pazi mkono wa pole kama anavyompa mgeni. Hakumwita shemeji. Alimwita Bwana Pazi, kisha akashika njia ya Visiga, na Vihingo hakukanyaga tena.