Mlango wa Pili wa Mama Celestina

Harufu ya udongo mbichi uliokanyagwa kwa miguu hunirudisha Kariakoo mara moja, hata nikiwa nimekaa kwenye sebule yenye marumaru. Narudi uani kwa bibi yangu mzaa baba, miaka ile ya Ujamaa, masika yakiwa yamekaribia na joto likitukaba koo. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya Kiswahili kama nyingine zote mtaani: vyumba vikitazamana, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye jiko, choo na mpapai mmoja mkaidi usiozaa. Pembeni mwa ua huo, chini ya turubai, aliishi Mama Celestina, aliyevuka mto Ruvuma na wanawe wawili akikimbia vita vya Msumbiji. Celestina alikuwa rika langu. Mdogo wake, Beto, alikuwa bado ananyonya, na kifua chake kilikoroma hata ukamsikia kutoka ukumbini. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa amemwomba Bibi awahifadhi kwa siku chache. Bibi alisema wazi kwamba mvua ikianza mtoto yule hatapona chini ya turubai, na kwamba mtu aliyefukuzwa kwao hapewi siku chache, anapewa chumba.

Basi chumba kikajengwa. Baba, aliyekuwa kuli bandarini, alisimamisha boriti na kufunga fito, na udongo ukaletwa kwa mkokoteni kutoka bonde la Msimbazi. Siku ya kukandika, mtaa mzima ulimiminika uani. Wanaume walivua mashati wakakanyaga udongo, wanawake wakateka maji bombani, na sisi watoto tukapewa kazi ya kuokota mawe ya kushindilia kati ya fito, tukajiona mafundi wakuu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa ugali wa Bibi kabla hajapaka tope ukutani, hata mjumbe mwenyewe na suruali yake iliyopigwa pasi. Udongo ulipokauka walipiga lipu ya saruji, wakaezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa, wakaweka kidirisha cha juu chenye nondo na mlango mmoja mnene wa mninga. Kwa watu wa Kariakoo, waliozoea wezi, chumba kizuri kilikuwa ndicho hicho. Tulikitazama tukajisifu.

Mama Celestina alishukuru, akaingiza mikeka na sufuria, kisha akatoka. Asubuhi tuliwakuta wote watatu wamelala tena chini ya turubai. Kesho yake ikawa vilevile. Maneno yakaanza mtaani: wengine wakasema ana maringo, wengine chumba kina shetani, na Baba, ambaye mgongo ulikuwa ungali ukimuuma, alinuna waziwazi. Manyunyu ya kwanza yalikwisha kuanguka. Bibi alimwita Mama Celestina jikoni wachambue mchele pamoja, akamuuliza kwa upole kinachomkimbiza. Mimi nilikuwa pale nikipuliza moto.

"Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja, Bibi," alisema. "Askari walisimama hapo mlangoni."

Bibi aliuweka chini ungo wa mchele. Celestina alizoea kunitajia kaka yake, na siku ile nilielewa kwa nini sikuwahi kumwona.

Bibi aliamua chumba kipate mlango wa pili. Lakini ungewekwa wapi? Chumba kilikuwa kwenye kona, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa matofali wa Baba Eliakimu, mwenye duka kutoka Kilimanjaro. Juu ya ukuta huo alipanga vipande vya chupa, na lango lake lilikuwa na makufuli ya kumtosha mkuu wa gereza. Mpira wetu ukiangukia kwake tulikuwa tunauaga kabisa. Aliwahi kuibiwa, na uani kwake ndiko alikoweka magunia ya sukari na madebe ya mafuta ya taa. Baba alimsihi Bibi asijiaibishe. Bibi akajifunga kanga, akaenda kumwomba aruhusu ukuta wake utobolewe.

Jioni Baba Eliakimu alikuja mwenyewe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, akaingia chumbani, akagongagonga ukuta wa nyuma, akaondoka bila neno. Mama Celestina alianza kufunga mafurushi yake arudi kusini kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi nikalia, kwa sababu Celestina alikuwa anakwenda na mvua ilikuwa inakuja.

Asubuhi tuliamshwa na mlio wa nyundo kutoka upande wa pili. Baba Eliakimu alikuwa amevua shati, anauvunja ukuta wake mwenyewe. Baba alisimama akisikiliza, kisha akachukua mtaimbo akaanza upande wetu. Kila mmoja alikuwa na heshima zake, hakuna aliyepaza sauti kumuuliza mwenzake anavunja wapi, na matundu yao hayakukutana. Iliwabidi wapanue, na mlango ukakaa upande upande, hata ukipita lazima upindishe bega. Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kilichoniacha kinywa wazi, na kinaniacha hivyo hadi leo, ni komeo. Baba Eliakimu alilipigilia upande wa Mama Celestina. Upande wake, penye magunia yote yale, hakuweka hata kamba.

"Mwenye hofu ni yeye," alimwambia Bibi. "Acha afunge yeye."

Siku hiyo hiyo mvua ilishuka kwa kishindo juu ya madebe, na turubai likaanguka halina mtu.

Waliishi humo mpaka nchi yao ilipopata uhuru. Beto alijifunza kutembea akipita mlango ule uliopinda, na mama yangu na Mama Eliakimu wakaupitishia chumvi, makaa na habari. Hakuna aliyewahi kuutumia kukimbia. Sasa pale kwa Bibi limesimama ghorofa la maduka, nami ninaishi juu ya jingine, nyuma ya geti la chuma. Jirani yangu namsikia akikohoa kupitia ukutani, na jina lake silijui. Juzi nilimsimulia mjukuu wangu kisa hiki. Alisikiliza hadi mwisho, akazunguka vyumba vyote, akarudi kuniuliza mlango wetu wa pili uko wapi. Nikamwambia hatuna.