Ndonya Iliyolia Uwanjani

Safari hii imetugharimu magunia mawili ya korosho, mbuzi mmoja, nauli za ndege za watu wawili kwenda na kurudi, na ndonya moja iliyovuliwa mahali pasipostahili. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo tabia yangu, na mara zote mbili hicho cha mwisho kimekuwa kizito kuliko vingine. Nawaandikia ndugu na majirani wa Masasi na Newala mnaoniuliza kilichotokea. Kusimulia dukani nimechoka, maana kila ninapofika penye uchungu hutokea mtu akauliza bei ya suruali.

Masasi ndipo habari iliponikuta. Ilikuwa masika, katika ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi wa korosho wamejaa mjini na mimi nauza mitumba karibu na stendi. Simu iliingia kwenye duka la vipuri la jirani yangu. Alikuwa mume wa Somoe, binti wa dada yangu, akipiga kutoka Dar es Salaam.

"Mjomba, figo za Somoe zimegoma," alisema. "Mlete mama. Anamtaja yeye tu."

Kwetu mjomba akiambiwa hivyo haulizi mara mbili. Barabara ya Dar ilikuwa imekatwa na maji ya Rufiji, magari yamelala njiani kwa wiki kadhaa. Ilibaki ndege. Niliuza magunia yangu mawili ya korosho na mbuzi wangu mmoja jioni ile ile, kwa bei ambayo mnunuzi aliiona usoni mwangu kabla sijafungua mdomo.

Alfajiri nilipanda Landrova ya abiria kwenda Newala. Chiungutwa tulipakia baiskeli mbili na jogoo mmoja, ambaye nauli yake ilibishaniwa kuliko ya mtu mzima. Kwenye mlima tulishuka wote tukasukuma, kisha utingo akatudai nauli kamili. Nikamwuliza kama na sisi hatumdai ya kusukuma. Abiria walicheka, nami nikacheka nao.

Kitangari nilifika adhuhuri. Dada alikuwa akikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, madumu yamepangwa mstari, maana kule juu mvua ikikupita utayafuata maji bondeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja bila mzigo wa kuuza. Nani anaumwa?"

"Somoe."

"Anaumwa, au amekufa? Niambie sasa hivi, nijue la kufanya na mdomo wangu."

"Anaumwa, dada. Anakuita."

"Basi inabaki."

Vijana wa siku hizi huenda hamjaelewa. Dada yangu ni katika wanawake wa mwisho wa Kimakonde wanaovaa ndonya, kile kipande cha mviringo cha mpingo kinachokaa kwenye tundu la mdomo wa juu. Hii yake aliichonga marehemu mumewe, katikati akapigilia msumari wa shaba ili ing'ae. Dada hulala nayo, hula nayo. Katika ukoo wetu mwanamke haonekani bila ndonya ila akiwa amefiwa. Yeye aliivua mama yetu alipokufa, na tena mumewe alipokufa. Ukimkuta njiani mdomo mtupu, huulizi habari za asubuhi. Unauliza nani kafa.

Safari ya kushuka pwani ilituchukua siku nzima na matope yake. Uwanja wa ndege siutaji, kwa kuwa wale niliowakuta walikuwa kazini tu, na wana watoto wa kulisha. Palikuwa na meza, pazia, na kijana mmoja wa bara mwenye mashine ya mkononi mfano wa mwiko. Begi letu lilikwishachukuliwa kupimwa. Dada aliposimama, mashine ikalia sikioni. Ikalia puani. Ikalia mdomoni, na hapo ikalia kwa nguvu.

"Shikamoo, bibi," kijana alisema kwa adabu. "Hivi vinalia. Inabidi vivuliwe."

"Havilii," dada alijibu. "Anayelia ni mimi."

Hapo nikaingia na kazi yangu ya kila siku. Majasi ya masikioni nilikubali yatoke. Kipini cha puani tulivutana kidogo, kikatoka. Nikasema sasa mwenzangu nimekupa viwili, na wewe niachie kimoja.

"Mzee, hapa si sokoni. Bosi ananitazama."

"Bosi wako hana mama?"

"Anaye. Ila hana msumari mdomoni."

Watu kwenye foleni wakacheka. Dada hakucheka. Nilimweleza yule kijana maana ya kuvua, akanisikiliza kweli, hata akaenda kumwita mwanamke wa ukaguzi. Mwanamke yule akasema kinacholia kinakwenda na mizigo, vinginevyo bibi abaki angoje ndege ya kesho kutwa. Mimi nikapigania visitiriwe kwenye begi letu wenyewe, nyuma ya pazia, bila kuchanganywa kwenye sanduku la visu na mikasi ya watu. Wakakubali, wakalirudisha begi. Nikajiona nimeshinda.

"Saidi," dada aliniita. "Hiyo ndege ya kesho kutwa, Somoe ataifikia?"

"Sijui, dada."

Kisha akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na kitu kimefungwa kwenye kitambaa changu cha jasho. Nilikitia ndani ya begi kwa mkono wangu mwenyewe.

Dar es Salaam tulifika saa tisa alasiri. Abiria walipata mabegi yao, sisi hatukupata. Ndege ni ndogo, walisema, mizigo imezidi, mingine imebaki. Itakuja na safari ya kesho kutwa. Niligomba mpaka sauti ikakatika. Dada akanivuta shati: "Muda wa kuona wagonjwa unaisha. Twende."

Hospitalini Somoe alikuwa kitanda cha dirishani, amevimba uso, ila macho ni yale yale ya utundu. Aliponiona alisema, "Mjomba, leo umenunua kitu bila kupunguziwa?" Nikamwambia hata nauli ya ndege niliwaambia wapunguze, wakaniona mgonjwa. Akacheka. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa bado ameshika kanga mdomoni.

"Mama, toa kanga nikuone."

Dada hakutoa.

"Mama."

Akaiteremsha. Mdomo ulikuwa umelegea, tundu liko wazi. Somoe aliutazama muda mrefu, nami nikaona ule utundu unaondoka machoni.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu, mwanangu. Uwanjani wamenivua. Mashine ilikuwa inalia."

"Ndonya inalia?"

"Ndiyo. Msumari wa baba yako."

"Sawa, mama," alisema, akampapasa mkono kama yeye ndiye mzazi.

Dada alipotoka kwenda kunawa, Somoe aliniita karibu. "Mjomba, madaktari wamewaambia sitapona, sivyo? Mama kaja ameshanililia."

Nikamwapia. Nikamweleza kijana, pazia, begi, mzigo kuzidi. Nilipojisikia mwenyewe, hata mimi nisingenunua maneno yale.

"Maneno yako matamu, mjomba, lakini mdomo nimeuona," alisema. "Usimwambie kwamba nimejua. Atavunjika."

Siku ya pili asubuhi nilikimbilia kwa mchongaji mmoja wa kwetu anayeuza vinyago mjini, nikitaka anikatie ndonya nyingine. Akaniuliza kipimo. Sikukijua. Dada alipolisikia hilo alisema hatatia mdomoni kazi ya mwanamume mwingine.

Begi lilikuja kama walivyoahidi, na kitambaa changu kilikuwa hakijafunguliwa. Dada aliivaa ndonya kwenye korido ya hospitali, amegeukia ukuta. Somoe aliigusa kwa kidole, akasema, "Sasa ndiwe mama yangu." Dada alifurahi, akampaka mafuta miguuni, akamsimulia ya Kitangari mpaka wauguzi wakamtoa. Usiku huo Somoe alifariki.

Tulimzika Dar, kwa kuwa barabara ilikuwa bado haijafunguka, na kusafirisha maiti kwa ndege kulikuwa nje kabisa ya mfuko wa watu wetu. Dada aliivua ndonya tena, na majasi na kipini pia, safari hii bila kuambiwa na mtu.

Kurudi tulipita kwenye uwanja ule ule, na siku hizo hata wanaoshuka walikuwa wakikaguliwa. Yule kijana wa bara alitukumbuka. Akapitisha mashine sikioni, puani, mdomoni. Kimya.

"Shikamoo, bibi. Leo umekuja umejiandaa," alisema akitabasamu.

"Marahaba, mwanangu," dada akamjibu.

Kitangari wanawake walikuwa wamesimama barabarani kutupokea. Walipouona mdomo wake walianza kulia kabla hatujashuka, na hapo angalau mambo yalikuwa mahali pake. Matanga yakapita. Arobaini ikapita. Wenzake wakamshauri aivae, tundu lisije likalegea kabisa. Hata uji sasa unamchuruzika. Dada anasema ataivaa akishajua jambo moja.

Na jambo lenyewe ananiuliza kila nikipanda mlima. "Saidi, siku ile nilipotoka kunawa, mwanangu alikuambia nini? Na pale aliponiambia sasa ndiwe mama yangu, alikuwa ameamini, au alinihurumia?"

Mimi humjibu kwamba Somoe aliomba maji tu. Juzi akanitazama akasema, "Maji yalikuwa mezani kwake, Saidi. Niliyaweka mimi."

Dada hasomi, na mnaomjua nawaomba msimsomee haya. Nimepatana na wanunuzi wa korosho, utingo na watu wa ndege, lakini kati ya marehemu aliyenikataza kusema na mama yake anayeniuliza, sioni pa kukutania. Kwa hiyo nawaomba ushauri, hasa kina mama mliozika. Nikipanda tena Kitangari, nimwambie, au nimwache na maji yangu ya uongo? Mwenye jibu anipitie dukani Masasi. Sitamwuzia kitu.