Laini ya Pili ya Seni Masunga

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, ukungu bado umeulalia mji wa Mbeya, na Seni Masunga anaikata laini ya simu ya Iringa kwa makusudi. Anageuza swichi ya chuma ukutani, anaweka kipokeo sikioni, anasubiri.

"Iringa, kamwene!" anasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, kaka Seni," inajibu sauti ya mwanamke. "Tumeshahamia laini ya Madibira. Nakusikia kama uko chumba cha pili."

Ni Benedicta, opereta wa Iringa. Wamezungumza kwa miaka kumi na moja. Kuonana wameonana mara mbili tu. Seni anacheka, anarudisha swichi mahali pake, anaandika saa kwenye daftari. Kila Jumatatu hufanya hivi, kuhakikisha kwamba laini moja ikifa nyingine itabeba.

"Wenzangu wananiona kichaa," anasema fundi huyu mwenye miaka arobaini na moja. "Lakini wao hawakuwahi kulala Chimala na mvua ya mwaka sabini na nne."

Seni alianza kazi mwaka 1963 akichimba mashimo ya nguzo, mwaka mmoja baada ya baba yake, mzee Masunga, kuhamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani. Siku hizo Mbeya na Iringa ziliunganishwa kwa laini moja tu, iliyofuata barabara kuu. Ikikatika, mafundi walibeba ngazi, unga na dagaa, wakaondoka bila kujua watarudi lini. Twiga walikata waya kwa shingo. Watu nao waliukata, wakatengenezea bangili.

"Tulichoka, ila kulikuwa na raha yake," anakumbuka. "Jioni tunakoka moto, fundi mwenzangu Asukile anaimba nyimbo za kwao Tukuyu mpaka usingizi utuchukue. Laini ikipona, mji mzima unakupa mkono. Mama wa sokoni anakufungia ndizi bure."

Kisha anaeleza habari za Machi 1974. Mvua iliangusha nguzo kumi na nne karibu na Chimala. Seni na Asukile walifanya kazi siku tatu, matope magotini. Siku ya tatu walikaza waya wa mwisho, na Seni akaunganisha simu ya kupimia juu ya nguzo.

"Iringa, mnanipata?"

"Seni, ni wewe?" Benedicta aliuliza. "Dada yako Helena amekuwa hapa posta tangu juzi, akijaribu kukupigia. Alimleta mzee hospitali. Mzee alikuwa anakuulizia wewe."

"Anaendeleaje?"

Benedicta akamweleza. Mzee Masunga alikuwa amefariki jana yake.

"Nilishuka kwenye nguzo, nikakaa chini," Seni anasema. "Simu yangu ndiyo iliyokwama, na waya ulioikwamisha nilikuwa nimeushika mimi mwenyewe."

Miaka miwili baadaye ilipoamuliwa kuongeza laini, mhandisi Timotheo alitaka waya mpya upite kwenye nguzo zilezile. Ingekuwa kazi ya mwezi mmoja. Seni, ambaye hakuwa na kawaida ya kubishana na wakubwa, alisimama kikaoni.

"Bwana mhandisi, nguzo ikianguka haichagui waya. Laini zote mbili zitalala matopeni."

"Sasa unataka tupite wapi?"

"Ubaruku, Madibira, tukatokee Mafinga. Njia naijua, nimechunga ng'ombe wa baba huko."

Timotheo alimtaka aipite kwanza kwa miguu na kuhesabu. Alirudi baada ya siku tisa, viatu vimeachia soli, na hesabu ya nguzo elfu mbili na mia sita. Ujenzi ulichukua miezi kumi na minne.

Hata hivyo, siku ya kwanza mafundi waliunganisha laini zote mbili kwa wakati mmoja. Sauti ikawa inakwenda kwa huku na kurudi kwa kule, ikizunguka, mpaka simu ikapiga mluzi mkali na Benedicta akavua vipokeo vyake. Ndipo wakafunga swichi pande zote mbili: moja ifanye kazi, nyingine ingoje.

Aprili mwaka jana nguzo za Chimala zilianguka tena. Asubuhi hiyo Vinubhai, mwenye duka la vitambaa Mbeya, aliomba simu ya Iringa, ambako mkewe Taraben alikuwa akisubiri kupasuliwa. Walizungumza dakika sita kupitia Madibira. Taraben alipona.

"Vinubhai hajui kama laini kuu ilikuwa imekatika," anasema Seni. "Sikumwambia. Nilitoka nje kidogo, nikafuta macho, nikarudi kazini."

Siku hizi hakuna anayempa mkono, kwa sababu hakuna anayejua laini ikikatika. Mioto ya jioni zile anaikumbuka. Asukile naye alistaafu, akarudi Tukuyu.

Sasa Seni ana ombi moja mezani kwa wakubwa wake. Waya unapita hatua mia mbili kutoka nyumba ya mama yake Madibira, lakini kijiji kizima hakina simu. Anataka kuweka moja kwenye ofisi ya kijiji, na nguzo tatu zinazohitajika ameshazichonga mwenyewe.

"Mama anasema upepo ukivuma anausikia waya unalia, anadhani ndimi naongea," anasema. "Nataka siku moja aniitikie."